Imara kwa Kusi au kwa Kaskazi?

Nina duka dogo la kupiga chapa na kutoa fotokopi hapa Lamu, hatua chache kutoka Usita wa Mui, upande wa Langoni. Kazi inayoniweka mjini ni hati. Watu huja kuandikiana: huyu anauza dau, yule anamkabidhi fundi mashua aitengeneze, mwingine anamkopesha jirani mashine ya boti na hataki mambo yabaki mdomoni. Bei wanakuja nayo tayari, na mashahidi wameshakaa barazani. Panapotuchukulia muda ni pale muuzaji anapotaka chombo chake kisifiwe. "Andika ni imara," huniambia. "Andika ni madhubuti, cha kutegemewa, hakina wasiwasi wowote." Mnunuzi naye huinua macho akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye nitakayelitia neno lile kwenye karatasi, na likishatiwa sahihi halitoki.

Kazi hii niliirithi kwa marehemu baba, pamoja na mashine yake ya taipu ambayo bado iko juu ya kabati. Kwa miaka yote niliyokaa kwenye kiti hiki nimewasikiliza watu wakiahidiana, na nimewaona wengine wakirudi na karatasi ileile, wamenuniana. Wengi wao hawakudanganyana. Muuzaji alisema "imara" akiwa na maana yake moyoni, mnunuzi akalipokea kwa maana yake, kisha bahari ikaja kuwaamua.

Aliyenifundisha kulipima neno hilo ni nahodha mmoja mzee wa Matondoni. Alikuja kununua mashua ya kubebea mawe ya kujengea kutoka kisiwa cha Manda. Muuzaji alikuwa mtu wa hapa mjini, kijana wa makamo, na walikuwa wameshakubaliana kila kitu. Nikawasomea rasimu. Nilipofika kwenye maneno "mashua hii ni imara," mzee akainua mkono.

"Mwanangu, imara kwa kusi au kwa kaskazi?"

Asiyeishi na bahari anaweza kudhani mzee alikuwa anatafuta sababu ya kupunguza bei. Lakini swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kaskazi, upepo wa kaskazini, huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, na bahari yake kwa kawaida huchukulika. Kusi, upepo wa kusini, huingia Aprili, hukaza Juni na Julai, na nje ya Shela mawimbi huwa si ya kuchezea. Wavuvi wa vyombo vidogo wakati huo hubaki kwenye maji ya ndani, nyuma ya Manda. Chombo kilichokwenda Januari bila tone la maji ndani kinaweza kuachia viungo mwezi wa saba. Kwa hiyo neno "imara" peke yake lilikuwa halijamwambia mzee kitu anachoweza kukitumia.

Muuzaji alinyamaza kidogo, kisha akajibu vizuri. "Kaskazi, ami, sina shaka nayo hata kidogo. Kusi sijapata kuitoa nje. Lakini huku ndani, Manda na Mokowe, imekwenda kusi na kaskazi na haikunisumbua."

"Basi mwandikie hivyo hivyo," mzee akaniambia.

Nikaandika. Mzee akalipa bila kupunguza hata shilingi, kwa sababu yeye safari zake zilikuwa za Manda na kurudi. Alichokihitaji kilikuwa kimo ndani ya mpaka ule. Nilipobaki peke yangu dukani niliisoma upya nakala yangu, na nikaona kwamba ile sentensi ndefu, isiyo na fahari yoyote, ilimtuliza mnunuzi kuliko "imara" kumi zingefanya. Tangu siku hiyo mtu akiniletea neno la uhakika namwuliza mambo mawili: limejaribiwa na nini, na linaishia wapi.

Baadaye nilianza kwenda mwenyewe Matondoni kila fundi na mwenye chombo walipotaka mkataba wa matengenezo, maana niliona siwezi kuiandika kazi nisiyoijua. Kijiji kiko upande wa magharibi wa kisiwa chetu, na vyombo huwekwa juu ya mchanga karibu na mikoko, vingine vipya, vingine vimelazwa ubavu vikisubiri zamu. Nilijifunza pale kwamba fundi hatafuti mti ulionyooka ili aukate uwe taruma, yaani mti wa ndani unaoshika mbao za mashua. Hutafuta tawi lililokwishapinda lenyewe kwa umbo analolitaka, ili nyuzi za mti zifuate mpindo mzima. Taruma lililochongwa kwa kukata nyuzi huonekana zuri siku ya kwanza, na hupasuka palepale patakapopigwa na wimbi. Mwenye chombo akiuliza kama mataruma ni madhubuti, fundi humwonyesha nyuzi. Humwambia, "Tazama inavyokwenda," akiburuta kidole toka juu hadi kwenye mkuku, mti mkuu wa chini ya chombo.

Kisha kuna kalafati. Pamba husokotwa ikatiwa mafuta, ikapigiliwa kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo, mshono kwa mshono, chombo kizima. Ni kazi ya subira ambayo ukipita mbali unaisikia kwa mlio wake. Mbao nazo hupakwa mafuta ya ini la papa zisipasuke kwa jua, na mafuta hayo jina lake ni sifa. Nalipenda sana jina hilo. Kwa mafundi wa mashua, sifa hupakwa kazi ikishakwisha, na ubao mbovu hauponi kwa sifa.

Jambo lililonigusa zaidi pale ni jinsi mafundi wazuri wanavyozungumza juu ya siku ya kushusha chombo majini. Mbao zilizokaa juani miezi mingi zimekauka na kujikunja. Chombo kikiingia maji, lazima kivuje kwanza. Mbao zikishanywa maji huvimba, zikaibana ile pamba, na mishono ikajifunga. Fundi mmoja niliyeandikiana naye mara nyingi huniamuru kifungu kiwe hivi: chombo kitavuja siku za mwanzo, na hiyo si kasoro, kikiendelea kuvuja baada ya bamvua la kwanza kupita, nitakirudisha pwani na kukikalafati upya kwa gharama yangu. Bamvua, yaani maji makubwa, huja kila mwezi ukiandama na kila ukiwa mpevu, kwa hiyo ahadi yake haizidi majuma mawili hivi kabla haijapimwa. Sijapata kuona dhamana iliyo wazi kuliko hiyo, hata kwenye makaratasi ya friji na simu ambayo watu huniletea niwatolee nakala.

Bwana mmoja kutoka bara alinunua boti ya kutembezea wageni kwa fundi huyohuyo. Siku ya pili alikuja dukani amekasirika, suruali imelowa hadi magotini, akisema ametapeliwa kwa sababu ngama, pale chini ya boti, imejaa maji. Nilimfungulia nakala yake nikamwonyesha kile kifungu. Alikisoma polepole, akauliza bamvua ni lini, nikamwambia. Hakurudi tena kwa jambo hilo. Naamini kama pangeandikwa "haivuji kamwe," jinsi wauzaji wengine wanavyopenda, urafiki wao ungevunjika siku ileile juu ya chombo kisicho na tatizo lolote.

Kwa kukaa na watu hawa nimeona kila neno lina mahali linapokaa vizuri zaidi. Imara ni la kitu kinachobeba: nguzo, mlingoti, ukuta. Madhubuti ni la kilichofungwa kikafungika, kama fundo, kiungo au makubaliano. Barabara, ukilitamka kwa kukaza silabi ya pili, ni la kilichoingia mahali pake sawasawa bila kupwaya. Maneno haya huazimana, na sitamsahihisha mtu anayesema ukuta madhubuti. Lakini thabiti, mtaani kwetu, wazee hawalitupi ovyo. Hilo humwekea mtu, tena baada ya muda mrefu.

Yupo mama mmoja anayeitwa hivyo. Anashika mchezo wa akina mama: kila wiki kila mmoja hutoa fungu lake, na mmoja wao huondoka na fungu lote, kwa zamu, mpaka wote wamalize. Fedha za mchezo ndizo zinazojengea vyoo, zinazolipia karo, zinazonunua cherehani. Ulipofika mwaka 2020, ugonjwa wa korona ukafunga safari za ndege na wageni wakakatika, na Lamu ni mji ambao nyumba nyingi hula kwa mgeni: mwenye boti, mpishi, mfua nguo, mchonga milango. Michezo mingi ilivunjika kimyakimya. Mshikaji hapokei simu, au anasema "msiwe na wasiwasi" hadi watu wanachoka kuuliza.

Mama huyu alifanya jambo moja tu tofauti. Alikwenda nyumbani kwa mwenye zamu kabla ya siku kufika, akamwambia ana nusu, na nusu iliyobaki ataileta Jumatatu ya wiki ya pili. Jumatatu ile alikuja. Wiki zilizofuata alikwenda kwa kila mwenye zamu vivyo hivyo, akitaja kiasi alicho nacho na siku atakayomaliza. Wakati mwingine kiasi kilikuwa kidogo kuliko nusu. Mchezo ule ulichelewa lakini haukuvunjika, na hadi leo wanawake wanangoja nafasi ya kuingia. Sikumbuki kumsikia akisema "niamini." Huita kiasi, huita siku. Kabla ya kumwona yeye nilidhani mtu thabiti ni yule ambaye mambo hayamharibikii. Kumbe kwa watu wa mtaa wetu ni yule ambaye mambo yakimharibikia unaambiwa mapema, tena na yeye mwenyewe, uso kwa uso.

Nataka kuligusa na neno inshaallah, maana wageni wengi hulisikia vibaya. Nimeshaulizwa na watu wa bara, kwa nia njema, kama mtu wa pwani akisema inshaallah ana maana hatakuja. Najua linalowafikisha hapo. Wapo wanaolitumia kufungia mlango. Lakini nimekaa na manahodha. Kitu cha hakika kuliko vyote tulivyo navyo hapa ni maji: hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa usiku na mchana, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Anayepeleka mzigo Faza au Siyu, kisiwani Pate, anajua maji ya mlango wa Mkanda, anajua penye kina kidogo, anajua kwamba asipoiwahi saa ya kujaa atakaa juu ya tope akitazama kaa. Hesabu hiyo anayo kichwani tangu utotoni. Hata hivyo atakuambia, "Tutaondoka saa kumi alfajiri, maji yakijaa, inshaallah." Ametaja saa. Ametaja sababu ya saa. Kisha amekiri kwamba yeye na chombo na bahari wana Mola wao. Hakuna nahodha ninayemwamini aliyewahi kuniambia saa ya kuondoka bila neno hilo, na hakuna hata mmoja wao aliyelitumia kunificha saa. Kwenye hati zangu Bismillahi huwa juu na tarehe huwa chini, na sijaona moja ikimzuia mwenzake.

Wauza boriti nao wana njia yao, na ni fupi. Ukienda kununua miti ya mikoko hakuna anayekusifia. Muuzaji hukuuliza tu unataka fito, pau, mazio, boriti au nguzo, na kila jina lina unene wake na kazi yake. Jina lenyewe ndilo dhamana. Biashara hii ilikuwa kubwa zaidi zamani, majahazi yakipakia boriti kwenda Arabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Kwenye nyumba za kale za mtaa wa Mkomani unaweza kuona jinsi wajenzi walivyouheshimu mpaka wa mti: vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake chini kidogo ya mita tatu, kwa kuwa huo ndio urefu ambao boriti inaweza kulibeba dari la mawe na chokaa. Walitaka chumba kikubwa zaidi? Walikirefusha. Hawakuitaka boriti ifike isikofika. Dari hizo zimesimama vizazi na vizazi, na ni sehemu ya sababu ya mji huu kuwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Kuna chombo kimoja kilichotufanya sote tuliangalie upya neno imara. Mwaka 2018 ilishushwa hapa Lamu ile jahazi ya Flipflopi, iliyoundwa kwa plastiki ya taka iliyoyeyushwa ikafinyangwa kuwa mbao, mkuku na mataruma, na ubavu wake ukapambwa kwa vipande vya kandambili zilizookotwa ufukweni. Fundi mkuu wake ni Ali Skanda, mtu wa ukoo unaojulikana kwa uundaji wa vyombo, na aliifanya kwa mikono na vifaa vya kazi yetu ileile ya mbao. Barazani watu waligawanyika. Wapo waliosema plastiki haipigiliwi msumari ikashika, wapo waliosema jua litailegeza. Nilipenda kwamba hata waliokuwa na shaka hawakuidharau. Walisema tu kwamba chombo husemewa na safari. Mwanzoni mwa 2019 ikatweka tanga ikaenda hadi Unguja, masafa ya kilomita 500 hivi. Ilipokwisha safari ile mabishano yale yalikatika. Hadi leo ukimwuliza mtu wa hapa kama jahazi ya plastiki ni imara, uwezekano mkubwa atakujibu, "Ilifika Unguja." Naona jibu hilo lina adabu. Halisemi itafika Maskati. Linasema ilikofika.

Sasa juu ya mambo ambayo mtu husema hayakosi kufanikiwa. Hapa ndipo ninapoumia moyo zaidi, kwa sababu vijana wetu wanauziwa maneno haya kila siku kwenye simu: mechi za uhakika, dawa isiyokosa, biashara ya faida asilimia mia. Nimewatolea chapa vijana hati za kuuza simu zao, pikipiki, hata nyavu za baba zao, kwa ajili ya kulipia mechi ambayo mtu wasiyemjua aliwaambia haikosi. Siwalaumu kwa kutamani. Nalihuzunikia neno "hakika," ambalo kwa wazee wetu lilikuwa zito kiasi kwamba mtu alilisita kabla ya kulitamka mbele ya mashahidi, na sasa linauzwa kwa bei ya vocha.

Mvuvi wa dema, ule mtego wa samaki, alinionyesha jinsi neno hilohilo linavyoweza kusemwa kwa uaminifu. Alikuja na mtu aliyekubali kumkopesha fedha za kutengenezea madema mapya, na katika maelezano akasema pale anapotega "hapakosi." Mkopeshaji, mtu mzima anayeijua bahari, akamwuliza, "Hapakosi nini?"

"Hapakosi kitoweo," akajibu mvuvi. Yaani siku mbaya kuliko zote, atarudi na cha kula nyumbani na kidogo cha kuuza. Siku njema ni riziki ya Mungu, haimo kwenye ahadi. Basi malipo ya deni yakapangwa kwa kipimo cha siku mbaya, fungu dogo kila Ijumaa, na zikija siku njema alipe zaidi akipenda. Deni lile lilikwisha kabla ya muda wake. Nimeitumia hesabu hiyo kwa wakopaji wengi tangu hapo: niambie siku yako mbaya huleta nini, tuandike hiyo.

Mpwa wangu ana boti ya kuvusha abiria kwenda uwanja wa ndege, ambao kama mjuavyo uko ng'ambo, Manda. Aliniletea tangazo nimchapie: "Uhakika 100%! Hatuchelewi kamwe!" Nikamwuliza kwa nini hachelewi. Akanieleza kwa kirefu, na maelezo yake yalikuwa mazuri sana. Huwa gatini mapema kabla abiria hajafika. Amebeba mashine ya pili ndogo, kwa hiyo ya kwanza ikizima katikati ya mkondo hatahitaji kusubiri kuokolewa. Maboya ya kuvaa yako ya watu wazima na ya watoto. Maji yakipwa anajua gati la kutumia. Nikamwambia, "Baba, hayo ndiyo ya kuandika." Akakataa kidogo. Alisema boti zote zimeandika asilimia mia, na asipoandika abiria watadhani yake ina kasoro.

Hoja yake si ya kupuuzwa. Neno likishapandishwa bei na kila mtu, anayelishusha peke yake anaweza kubaki na boti tupu. Tukakubaliana aweke yote: ile "Uhakika 100%" juu kwa herufi kubwa, na chini yake mashine ya akiba, maboya ya watoto, na saa anayofika gatini. Ananiambia abiria wanaompigia simu huulizia maboya ya watoto na ile mashine ya pili. Ya asilimia mia hakuna aliyeiulizia.

Tangu gati la kwanza la bandari mpya lianze kazi mwaka 2021, vijana wengi huja kutaka barua za kuombea kazi, na pamoja nazo barua za watu wanaowafahamu. Barua hizi zote hutaka kusema kitu kimoja: mchapa kazi, mwaminifu, wa kutegemewa. Nimeandika maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba vidole vyangu vinayajua vyenyewe, na ninaamini wanaoajiri nao macho yao yanayaruka yenyewe.

Karibuni alikuja mzee mwenye duka la jumla, pamoja na kijana aliyemfanyia kazi. Kijana alitaka barua yenye maneno yale matatu. Mzee akaniambia nifute, nianze upya, na akaanza kunisomea kutoka kichwani, taratibu, kama anayetoa ushahidi:

"Nilimwachia ufunguo wa ghala tangu Ramadhani hadi Ramadhani. Nilihesabu mali kila mwisho wa mwezi, na haikupungua. Nikisafiri Mombasa alifungua na kufunga yeye. Siku moja mteja alizidisha pesa, akamfuata hadi gatini akamrudishia. Asubuhi ni mzito kuamka, na ukimtaka kabla ya saa moja itabidi umpigie simu."

Kijana akashtuka. "Hiyo ya kuamka iondoe, babu."

"Nikiiondoa hiyo," mzee akamjibu, "na ya ufunguo hawataisadiki."

Wakajadiliana pale dukani kwangu mpaka adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Mwisho kijana akakubali, kwa sharti kwamba "saa moja" iwe "saa kumi na mbili na nusu," kwa sababu alisema siku hizi anajitahidi. Mzee akamtazama, akasema hilo ni kweli, amemwona mwenyewe. Nikarekebisha saa, nikatoa nakala tatu, mzee akatia sahihi zote.